Chumba cha Baridi

Mimi ndiye ninayejaza fomu za likizo
kwenye shamba la maua, Usa River.
Meza yangu inatazamana na banda la kufungashia.
Themanini na nne: naiandika bila kufikiri,
kama mtu anavyoandika tarehe.
Wa mapacha, mia moja.
Baba mtu, tatu:
moja ya kutafuta damu,
moja ya kununua kanga na beseni,
moja ya kusinzia kwenye benchi la wodi
akiota kengele ya zamu.

Mwaka jana, mvua za vuli, nikajijazia yangu.
Nilisaini pande zote mbili, mwombaji na mpokeaji,
nikacheka peke yangu ofisini.
Mshahara uliingia tarehe ileile,
nami nimejifungia kwa mama mkwe, Nkoaranga,
mtori asubuhi, mtori mchana,
na mtoto kifuani, hana haraka na dunia.

Wiki hiyohiyo alijifungua Nderetwa.
Nderetwa wa meza ya nne,
akataye mashina sawasawa bila rula.
Fomu yake sikuijaza. Haikuwapo.
Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu,
unakufa na kufufuka kila robo ya mwaka,
na tumbo lilipoanza kusema
ukafa, ukasahau kufufuka.
Alirudi siku ya kumi na tisa, kibarua mpya,
kanga kaikaza tumboni mara mbili.
Mtoto kamwachia dada mtu, wa miaka kumi,
na uji mwembamba,
na chupa ya soda iliyovishwa chuchu ya mpira.

Methali inasema kulea mimba si kazi,
kazi ni kulea mwana.
Sawa. Kama ni kazi,
jina lake liko safu ipi kwenye daftari langu la mishahara?

Tukakutana kliniki, Tengeru. Mizani ni moja,
ile ya kuning'inia, mtoto anavishwa kama kaptura.
Nesi akalaza kadi zetu ubavu kwa ubavu.
Mstari wa mwanangu ulipanda kama njia ya kwenda Meru.
Wa mwana wa Nderetwa ulikwenda tambarare,
halafu, baada ya kuhara kwa mwezi wa pili, ukainama.
"Mama, humnyonyeshi?"
Nderetwa akatazama dirishani.
Blauzi yake ilikuwa na madoa mawili yaliyolowa.
Yakamjibia.
Nikaifunga kadi yangu upesi,
kama mtu anayeficha mnofu mbele ya mwenye njaa.

Saa nne kila siku maziwa humjia,
awe na nafasi, asiwe nayo.
Huyakamulia sinki la chooni,
bomba kalifungulia ili yasisikike.
Hatua ishirini kutoka pale
kuna chumba cha baridi, nyuzi nne, usiku na mchana,
kina jenereta lake peke yake.
Mawaridi yamelala humo ndani ya maboksi,
midomo yameifumba, yanasubiri ndege.
Likinyauka moja, tunaitwa kikao.

Jumanne nilichukua ufunguo.
Nikampa Nderetwa kikombe changu chenye mfuniko,
nimekichemsha nyumbani, sikumweleza mengi.
Tukakiweka rafu ya chini,
nyuma ya mawaridi meupe.

Jioni msimamizi, Bwana Akyoo, akakiona.
Hiki ni nini kwenye stoo ya mauzo ya nje?
Sikumjibu kwa mdomo.
Nilifungua daftari la mizigo, nikaandika mbele yake
kwa mwandiko wangu uleule wa fomu:
Maziwa. Kikombe kimoja.
Mpokeaji: Eliamani, miezi minne, Tengeru.
Hayaendi uwanja wa ndege.

Akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena.
"Na nani ameidhinisha?"

Nikasaini pande zote mbili.